Mkongo Hautaki Kelele

Siku Augustino alipoomba kijiko cha kulia ugali, Sidonia alijua nyumbani kwake kumeingia jambo. Mgogo wa kuzaliwa, mtu aliyekula ugali wa uwele tangu meno ya kwanza yalipoota, alikaa jamvini pale kwake mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, akautazama ugali, akautazama mlenda, kisha akasema kwa sauti ya mgeni aliyetumwa na wizara, "Mama Anyesi, naomba kijiko."

Sidonia alimpa. Hakumuuliza kitu chakula kikiwa mbele yao. Lakini alimwangalia jinsi alivyokishika kwa vidole vitatu, akijitahidi kifundo cha mkono kisijikunje, na aliona kifundo chenyewe kilivyovimba. Kula kwa mkono wa kushoto Augustino asingethubutu hata kama angekuwa peke yake porini.

"Tangu lini?" aliuliza walipokwisha kunawa.

"Tangu lini nini?"

"Baba Anyesi, nimeolewa nawe miaka ishirini na miwili. Usinifanye mgeni."

Augustino alikitazama kifundo kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Tangu benchi la pili," alisema. "Nikizungusha keekee ya kutobolea, moto unapanda mpaka begani. Usimwambie mtu."

Mabenchi yenyewe yalikuwa thelathini, ya kukalia nje, kwa ajili ya kigango kimoja upande wa Hombolo. Kanisa la pale lilikuwa kuta tupu bila paa, waumini wakisali uani, na mabenchi yao ya msonobari yalikuwa yameliwa na mchwa mpaka siku ya kipaimara benchi la wazee likaenda chini na wazee wote sita. Hapo wakaapa kwamba safari hii ni mkongo. Mkongo mchwa anaupita mbali, na jua la Dodoma haliupindi. Walichangishana, wakanunua mbao, wakazileta Nkuhungu kwa trekta, wakamwambia Augustino wanayataka mabenchi Jumapili ya shukrani ya mavuno.

Ila mkongo nao una kiburi chake. Ukiupiga msumari, ama msumari unapinda ama ubao unapasuka. Unakubali skrubu tu, tena kila skrubu kwanza itobolewe njia kwa keekee, ndipo ikazwe kwa bisibisi, mkono ukisokota mpaka jasho linaingia machoni. Benchi moja lilitaka skrubu kumi na sita. Augustino alikuwa amemaliza manne, na mkono umegoma. Fundi asiyeweza kuzungusha keekee si fundi tena, ni mtu anayekaa karibu na mbao. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko maumivu yenyewe. Tangu ujana wake watu wa mtaa ule hawakumwita kwa jina la baba yake wala la ubatizo. Walimwita Fundi, na yeye aliitika.

Jumatatu katekista Sebastiani alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Mwalimu. Karibu ndani," alisema Sidonia.

Katekista aliyahesabu mabenchi manne kwa macho. Akayahesabu tena, huenda mengine yamejificha. Akanywa chai, akaisifu chai, akazisifu mvua, akawasifu hata kuku. Sidonia akajua kuna neno linatafuta mlango wa kutokea.

"Fundi," alisema mwishowe, "kamati haina shaka na wewe. Ila wamesema, kama mwisho wa mwezi hayajafika kumi na tano, mbao tumpelekee yule kijana Cornel wa Chang'ombe. Yeye ana mashine za umeme. Wamesema wao, siyo mimi."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Na umri nao, unajua..."

"Nimesikia," Augustino alirudia, na mkono wake mbovu akauficha chini ya meza.

Baiskeli ilipokata kona, alikaa muda mrefu juu ya benchi moja kati ya yale manne. Sidonia alianza kukusanya vikombe vya chai. Ndipo Augustino aliposema, "Basi na sisi tutanunua mashine."

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Watu walewale waliowahi kupanga foleni ya sabuni alfajiri sasa walipita madukani mjini wakichagua rangi ya sabuni. Vitu vilijaa: feni, pasi, redio zenye taa, na vyombo vya kazi vya kila aina, vipya kutoka Mashariki ya mbali na mitumba kutoka Ulaya. Duka la Abbasi, karibu na soko la Majengo, lilikuwa limesheheni mpaka mteja anaingia kiubavu.

Desturi ya miaka ile, kitu cha umeme hakikutoka dukani bila kupimwa. Kwenye kaunta kulikuwa na soketi. Redio inafunguliwa, feni inazungushwa, balbu inawashwa mbele ya macho yako, kwa sababu ukishavuka kizingiti ni shauri yako. Ukutani Abbasi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Na kwa kupima pima huko watu walikuwa wamezoea kununua kwa sikio. Redio nzuri ni ile inayosikika ng'ambo ya barabara. Feni nzuri ni ile inayovuma. Augustino, ambaye kwa mbao haambiwi kitu, alichagua mashine ya kutobolea kama mtu anayechagua redio.

"Hiyo ya kijani inalia kinyonge," alisema. "Nipe ile nyekundu."

Abbasi aliichomeka. Ililia mpaka wapita njia wakageuza shingo. Akaielekeza kwenye kipande cha msonobari alichokuwa nacho kwa kazi hiyo, na kufumba na kufumbua ncha ikatokea upande wa pili.

"Unaona, mzee wangu? Mtoto wa kisasa huyu. Inatoboa, na ukibadilisha ncha inakaza skrubu."

"Sisi mbao yetu ni mkongo," alisema Sidonia. "Tungekuja na kipande chetu tujaribu."

Abbasi alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, ila duka lilikuwa limejaa wateja na alipenda kuwachekesha. "Mama, mashine siyo kitenge, kwamba ujifunge kwanza uone kama kinakutosha."

Wateja wakacheka. Augustino alimtupia mkewe jicho la kumnyamazisha, naye akanyamaza, masikio yakimuwaka. Malipo ya awali ya mabenchi, ambayo kamati ilikuwa imeyatoa kwa noti kuukuu zilizokunjwa kunjwa, yalihesabiwa juu ya kaunta mpaka yakaisha.

Nyumbani majirani walikusanyika kama kwenye mnada. Generosa wa nyumba ya pili alileta hadi kigoda chake. Augustino alivuta waya kutoka sebuleni, akauweka ubao wa mkongo juu ya meza ya kazi, akabonyeza.

Nyekundu ililia kwa madaha. Ikaugusa mkongo, ikapanda sauti, ikauzunguka uso wa ubao bila kuingia. Augustino akasukuma. Ncha ilizama kina cha ukucha, kisha sauti ikashuka, ikawa mguno, ikawa kimya. Moshi mwembamba ukatoka pembeni ukinuka waya zilizoungua. Akaiacha ipoe, akajaribu tena, ikazima tena. Alipojaribu skrubu, ilikula kichwa cha skrubu kikabaki kipara, na skrubu yenyewe haikuingia hata nusu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema Generosa, akachukua kigoda chake akaenda zake.

Augustino alichomoa waya akauviringa vizuri, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. "Kesho nitamwambia Mwalimu Sebastiani azichukue mbao zake," alisema. "Na hii karakana tufugie kuku. Nimesikia wanatafuta walinzi kule nyumba za wabunge. Mlinzi haulizwi mkono."

Sidonia alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa kwa mumewe wala kwa Abbasi; ilikuwa kwa ile mashine, na zaidi kwa nafsi yake iliyonyamaza dukani. Akaenda kuwasha moto.

Yeye alikuwa mama lishe. Kila mchana aliwapikia makarani na madereva wa ofisi za mjini, watu sitini na zaidi, na ugali wa watu sitini aliusonga mwenyewe kwa mwiko mrefu, ameusimamia kwa miguu miwili. Wasichana wengi aliowaajiri walianza kwa pupa, wakikoroga haraka haraka unga ungali uji, wakijiona mafundi. Ugali ukianza kushika, mwiko unawasimama mkononi. Hapo ndipo aliwaambia waache mbio, washike kwa mikono yote, wausukume taratibu na wasiuache. Jioni ile, mwiko ukiwa mkononi, aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, akasimama hapo hapo jikoni akacheka peke yake.

Asubuhi alijitwika kipande cha mkongo kichwani, urefu wa dhiraa mbili, na mashine nyekundu akaitia kwenye kikapu. Augustino alimfuata hatua kumi nyuma, akilalamika kwamba anamtia aibu, lakini alimfuata.

"Mama, hairudishwi," alisema Abbasi kabla hata ya salamu. "Soma ukutani."

"Nimesoma, mwanangu. Sikuja kurudisha. Nimekuja uipime mwenyewe." Akaushusha ubao juu ya kaunta. Kaunta ikalia. "Jana uliipima kwa mbao ya maboksi. Leo ipime kwa mbao."

Wateja walisogea. Abbasi hakuweza kukataa mbele yao. Kupima ilikuwa desturi ya duka lake, na ndiyo iliyomletea watu. Akachomeka. Nyekundu ikalia, ikaguna, ikazima, moshi ukampanda usoni. Mzee mmoja aliyekuwa ananunua kufuli akairudisha kufuli kwenye rafu taratibu.

Abbasi alikuna kidevu. "Huo ni mti au ni chuma?"

"Ni mkongo. Nilikwambia jana ukanifunga kitenge."

Safari hii kicheko kilimwendea Abbasi, na kwa sifa yake, yeye mwenyewe alicheka. "Sawa, mama. Umenipata. Lakini hapa zote ni ndugu wa hiyo. Wateja wanataka mwendo, na mimi ninauza mwendo."

Sidonia aliangaza macho dukani. Mlango wa stoo ulikuwa umezuiwa usijifunge na mashine moja kubwa ya kijivu, chafu, yenye kichwa kinene.

"Na ile?"

"Ile? Ilikuja kwenye kontena la mitumba. Nzito, na haina mwendo kabisa. Ina gia mbili na ya kwanza inatambaa. Nikiiwasha watu wanadhani inakata roho. Mwaka wa pili huu ni kizuizi cha mlango."

"Iwashe kwa hiyo gia inayotambaa."

Abbasi aliipangusa, akaifunga ncha, akaiwasha. Haikulia. Ilinguruma chini chini, ncha ikizunguka taratibu hata ungeweza kuhesabu mizunguko. Augustino alitikisa kichwa. Abbasi aliishika kwa mkono mmoja, kwa mazoea ya zile nyingine, akaiegemeza kwenye ubao.

Ncha ikauma mkongo. Ikatoa unyoya mwekundu wa mbao, mrefu, uliojisokota, ikaendelea kushuka bila kubadili sauti. Katikati ya ubao ikakwama kwenye fundo, na kwa kuwa yenyewe haikukubali kusimama, ikamgeuza aliyeishika. Abbasi alizunguka nayo, kiwiko kikafagia rafu ya makufuli, kofia ikamdondoka, na alipofanikiwa kuachia kitufe alikuwa amewapa wateja mgongo akitazama ukuta wenye maandishi yake mwenyewe.

Duka zima lilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Mzee wa kufuli alikaa juu ya mfuko wa saruji akifuta machozi. Hata Augustino, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ameonyesha jino, alicheka akajisahau.

"Hiyo ndiyo yetu," alisema Sidonia.

"Mama, hii itamuua mzee," alisema Abbasi akiokota kofia.

Lakini Augustino alikuwa amekwisha kuisogelea. Aliipapasa ubavuni kwa dole gumba, akakuta tundu lenye meno. "Hapa palikuwa na mshikio," alisema. "Hii siyo ya mkono mmoja. Tafuta mshikio wake." Abbasi alipindua boksi zima la makorokoro sakafuni, na mshikio ukapatikana chini ya kamba za viatu. Wakabadilishana mashine kwa mashine bila kuongeza hata shilingi. Sharti la Abbasi lilikuwa moja tu, kwamba waache kile kipande cha mkongo, awe anapimia.

Tatizo lilijitokeza mchana uleule karakanani. Augustino aliishika ile ya kijivu kwa mikono miwili, akatoboa tundu la kwanza likatoka safi. La pili, mashine ikajivuta kidogo tu, na kifundo kikamsokota. Aliiweka chini, akainama, akakaa hivyo, uso ukiwa wa kijivu kama mashine.

"Nguvu inayo," alisema. "Mimi ndiye sina."

Sidonia alijifunga khanga kiunoni. "Nipishe."

"Mama Anyesi, watu watasema."

"Watasema nini? Walishasema jana, na Generosa na kigoda chake walikuwepo."

"Hujawahi kushika drili maishani."

"Nimeshika mwiko. Wewe pima, chora alama, elekeza ncha isiende upande. Mimi nitaibeba."

Mambo mengi yalimpita Augustino usoni na Sidonia aliyaona yote: aibu, ubishi, na nyuma yake hofu ya kweli ya mtu anayeogopa kutolewa ndani ya maisha yake. Alimhurumia sana. Lakini hakurudi nyuma, kwa sababu aliona kwamba akirudi, kesho karakana itakuwa na kuku.

"Usiisukume kwa kifua," alisema Augustino hatimaye, na akaushika mshikio wa pembeni kwa mkono wa kushoto. "Iache uzito wake ushuke. Ikikwama, achia kitufe, uirudishe nyuma kwa swichi hii yenye mshale. Usishindane nayo."

"Haya."

Tundu la kwanza la Sidonia lilikwenda upande kidogo. La pili lilinyooka. La tatu Augustino aliinama akalichungulia, akanyamaza, na kwa wanaomjua fundi yule, kunyamaza ni sifa. Wakabadilisha ncha wakaanza skrubu. Augustino aliipaka kila skrubu sabuni ya mche kwenye meno yake ili iteleze, akaisimamisha kwenye tundu, mkewe akabonyeza, na skrubu ikazama polepole mpaka kichwa kikalala sawa na ubao. Sidonia alipiga kigelegele kimoja kabla hajajizuia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na hakukumbuka ni lini kitu kilimfurahisha namna ile.

Tangu siku hiyo alirudi kutoka kwenye mapishi saa tisa, akanawa, wakafanya kazi mpaka jua lilipozama. Walibishana sana. Augustino alikuwa mkali kwa kazi kama zamani, akamfungulisha benchi zima kwa sababu ya mguu mmoja uliopungua unene wa shilingi. Sidonia naye alimwambia wazi siku alipokosea yeye kupima. Generosa alirudi na kigoda chake, safari hii akakaa kila jioni. Mwisho wa mwezi katekista Sebastiani alipokuja na sura ya mtu aliyeandaa pole, alikuta mabenchi kumi na tisa uani na kuku wamelala juu yake. Hakusifu chai wala mvua. Alikaa kwenye benchi moja, akajirusha rusha juu yake kidogo, akaliegemea kwa uzito wake wote, kisha akasema, "Asante Mungu."

Jumapili ya shukrani, mabenchi thelathini yalikuwa uani kule Hombolo, mekundu, yananukia mafuta ya kitani ya kung'arishia mbao. Watu walileta uwele, karanga, zabibu kwenye ndoo, mbuzi wawili na jogoo mmoja asiyekubali ibada. Baada ya misa katekista alimwomba fundi asimame. Augustino alisimama, makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa, naye akakaa haraka akitazama miguu yake. Sidonia alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa na furaha kamili, hakuwa na kinyongo hata chembe. Mumewe alikuwa amebaki na jina lake, na hilo ndilo alilolipigania. Akaenda nyuma ya kanisa kusaidia kina mama kupakua.

Alikuwa ameshika upawa wa wali aliposikia sauti ya Yasinta, mwenyekiti wa wakulima wa zabibu wa pale, akizungumza na Augustino karibu na ukuta. Yasinta alitaka mageti mawili ya shamba, ya mkongo vilevile, na ngazi.

"Utaweza kabla ya mvua, Fundi?"

"Mimi sijibu peke yangu," alisema Augustino. "Ngoja tuulizane." Akageukia upande wa masufuria, akaita kwa sauti ya kawaida, ya mtu wa karakanani, "Fundi."

Sidonia alimpakulia mtoto wali, akamwongezea nyama.

"Fundi, njoo kidogo."

Akampakulia mwingine. Kina mama wenzake walikuwa wameacha kupakua wanamtazama, mmoja akamgusa bega, lakini ilibidi Augustino aite mara ya tatu ndipo Sidonia akageuka, maana hakujua kwamba anayeitwa ni yeye.